PTO ya lori imegoma: pa kuanzia kabla hujalala chini ya gari

Simu za PTO, kile kifaa kinachochota nguvu ya injini kunyanyua bodi ya lori, huanza kwa maneno yaleyale: "Fundi, PTO imekufa, njoo na spana." Sijauliza hata aina ya gari, nauliza mambo matatu. Bodi iko juu au chini? Injini inaunguruma au imezimwa? Kuna mtu chini ya gari? Kwa lile la tatu suka, yaani dereva, hunyamaza kidogo, halafu namsikia akipaza sauti pembeni ya simu: "We dogo, hebu toka huko!"

Namwelewa dogo, maana nimewahi kuwa yeye. Nilikuwa utingo wa tipa ya kokoto upande wa Inyala, masika, nimevaa koti la mvua la plastiki lenye kamba kiunoni. Pampu ilikuwa inalia vibaya. Suka akakanyaga mafuta, mimi nikajipenyeza nyuma ya kabini nisikilize mlio unatokea wapi. Kamba ilivyoondoka sikuiona. Nilichohisi ni kiuno kuvutwa kama mwizi aliyekamatwa mkanda, kisha plastiki ikapasuka kutoka pindoni hadi kwapani, na nikajikuta nimekaa topeni nimebaki na kola tu shingoni. Koti lote lilikuwa limejisokota kwenye shafti, ile fimbo ya chuma inayozunguka, limekaza kama kamba ya katani. Lingekuwa la jinzi au la turubai lisingepasuka, na ningekwenda nalo.

Piga hesabu uone. Injini ikiwa kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika, na PTO ikizunguka sawa na injini, shafti inapiga mizunguko 16 na zaidi kila sekunde. Ikiwa nene kama chupa ya soda, inakunja zaidi ya mita 3 za nguo kwa sekunde moja. Suka akisikia ukelele na kukanyaga klachi, kazi imeshaisha. Na niliowaona wakiumia kwenye PTO katika miaka yangu ya gereji hapa Uyole hawakuwa wanamwaga mzigo. Walikuwa wanatafuta tatizo. Ndiyo maana kila dalili niliyoiandika hapa nimeiwekea namna ya kuipima gari likiwa limezimwa, au wewe ukiwa umesimama mbali.

Kwa ambaye bado ni mgeni wa kitu chenyewe: PTO ni kifaa kinachofungwa ubavuni au nyuma ya giaboksi, kinachota mzunguko wa injini na kuupeleka kwenye pampu. Ndiyo inayonyanyua bodi ya tipa ya mchanga, inayoendesha winchi na mkono wa kupakia magogo kule Mafinga, inayozungusha pampu ya boza la maji. Kwenye malori mengi ya kwetu inachota nguvu kwenye shafti ya chini ya giaboksi, ile ambayo ukikanyaga klachi nayo inasimama. Hilo la klachi likumbuke, litarudi.

Kuliua gari kwanza

Sipimi chochote kabla ya haya. Gari kwenye tambarare, handibreki, gia huru, mawe au vigingi kwenye matairi. PTO itolewe kazini, injini izimwe, na ufunguo uingie mfukoni mwa yule anayekwenda chini. Si mfukoni mwa suka, wala usibaki kwenye swichi "maana tunapima kidogo tu". Nimefanya kazi na masuka waungwana sana ambao wamewasha gari kwa kusahau, mtu akiwa bado chini.

Bodi iwe imelala. Kama imekwama juu na huwezi kuishusha, hakuna mtu kupitisha hata mkono chini yake mpaka nguzo yake ya chuma isimamishwe, ile iliyokuja na bodi, na bodi iwe tupu. Gogo la mlingoti si nguzo. Linateleza, na likiwa bichi ndiyo kabisa. Bodi ya tipa ina uzito wa tani kadhaa hata ikiwa haina kitu, na kinachoishikilia juu ni oili iliyofungiwa na mpira mmoja na valvu moja. Mpira ukipasuka, bodi inashuka kabla hujageuza shingo.

Inasaga meno unapoiingiza

Ukivuta leva au kubonyeza swichi unasikia *krrr* ya chuma kwa chuma. Hapa ndipo PTO nyingi zisizo na kosa zinapofunguliwa bure. Meno yanasagana kwa sababu gia ya ndani ya giaboksi bado inazunguka wakati unaingiza, na inazunguka ama kwa sababu wewe una haraka, ama kwa sababu klachi haikati sawasawa.

Anza na haraka. Kanyaga klachi mpaka chini, hesabu pole pole hadi kumi, ndipo uingize. Asubuhi za baridi hesabu zaidi. Madereva wa zamani wana mtindo wao na ni mzuri: klachi ikiwa imekanyagwa na handibreki imevutwa, wanaingiza gia moja ya kutembelea ili shafti ya ndani isimame, wanarudisha huru, kisha wanaingiza PTO. Mguu hautoki kwenye klachi katikati ya hayo.

Kama bado inasaga, pima klachi kwa gia ya rivasi. Injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), hakikisha hakuna mtu mbele wala nyuma, kanyaga klachi, subiri sekunde kumi, jaribu kuingiza rivasi. Ikisaga na yenyewe, ugonjwa ni wa klachi, PTO umeisingizia. Tazama oili ya klachi kwenye kikopo chake, tazama kama kuna upepo kwenye mfumo (pedali inakuwa laini kama sifongo), tazama mchezo wa pedali. Rivasi ikiingia kimya huku PTO ikisaga, sasa una haki ya kuituhumu PTO: meno yake yameliwa, au uma unaoisukuma umepinda.

Ukiendelea kuilazimisha, vipande vya meno vinadondokea ndani ya giaboksi na kuanza kuzunguka na oili. Suka mmoja aliniambia, "Fundi, inasaga lakini inaingia." Miezi michache baadaye tulikuwa tunamwaga oili ya giaboksi yake na inang'aa kama rangi ya kucha.

Haiingii kabisa, na iko kimya

PTO nyingi za sasa zinasukumwa kwa upepo wa gari. Kwa hiyo swali la kwanza liko kwenye dashibodi: geji ya upepo inasoma ngapi? Chini ya bari 6 hivi (bari ni kipimo cha presha) PTO nyingi zinasita au zinaingia nusu, na kuingia nusu ni kubaya kuliko kutoingia. Gari lililolala usiku kucha linaamka na upepo kidogo. Liache liungurume lijaze.

Geji ikiwa imejaa, zima injini, washa swichi ya umeme tu, utingo asimame pembeni ya gari (pembeni, si chini) na wewe bonyeza swichi ya PTO. Lazima isikike *tss* fupi. Ikisikika *tsssss* isiyokoma, kuna kimpira kidogo cha upepo kimepasuka au kimechomoka, na mara nyingi ni pale kinapogusana na ekzosti. Isiposikika kitu, fuata umeme: fyuzi, waya, kisha valvu inayofungua upepo. Magari yenye giaboksi ya kompyuta yana masharti yake pia. Yanataka handibreki ivutwe, gia iwe huru, wakati mwingine na mizunguko ya injini iwe chini. Sharti moja likikosekana yanakataa bila kukuambia sababu. Nimewahi kuendesha kutoka Uyole mpaka Chimala kwenda kuvuta handibreki. Nililipwa nauli, nikanyamaza.

Tafadhali usimkubalie fundi anayeunganisha waya moja kwa moja ili "kuruka" sharti la handibreki. Sharti hilo ndilo linalozuia gari kutembea bodi ikiwa inanyanyuka.

Taa imewaka, bodi haiendi

Hapa lazima ujue kitu kimoja kabla ya vingine vyote: pampu inazunguka au haizunguki? Na ni hapa vijana wanapoingia chini kuangalia kwa macho. Hakuna haja. Chukua chaki. Gari likiwa limezimwa, ufunguo mfukoni, piga mstari mmoja unaopita kwenye shafti na kuendelea kwenye kitu kisichozunguka kilicho jirani yake. Toka. Washa, ingiza PTO, hesabu tano, toa PTO, zima. Rudi ukaangalie. Mistari imeachana, shafti inazunguka. Imebaki pale pale, rudia mara moja zaidi, kwa sababu inaweza kusimama ilipoanzia kwa bahati. Mara mbili imebaki pale pale, haizunguki, na tatizo liko kati ya giaboksi na PTO.

Kama pampu imefungwa moja kwa moja kwenye PTO bila shafti ya nje, chaki haina pa kupita. Hapo kisa cha kawaida ni meno ya kiunganishi kuliwa kwa kukosa grisi. PTO inazunguka ndani, pampu imesimama, na suka anaapa pampu mpya aliyouziwa ni feki.

Pampu inazunguka lakini bodi imelala? Fuata oili. Je, koki ya tenki la haidroliki iko wazi? Swali la kitoto, lakini kila baada ya matengenezo kuna anayeifunga na kuisahau. Pampu inayozunguka bila oili haina muda mrefu; oili ndiyo inayoilainisha. Ukiona koki imefungwa na pampu ilikuwa inazunguka, usishangilie mapema. Fungua, jaribu, kisha sikiliza kama imebaki na kilio.

Baada ya koki, kiwango cha oili. Pima bodi ikiwa imelala. Bodi ikiwa juu, oili yote iko ndani ya jeki, ile inayosukuma bodi, na tenki linaonekana tupu. Ukijaza wakati huo, bodi ikishuka oili inamwagika juu ya chesisi yote. Kisha valvu ya kunyanyulia: nayo ina kimpira chake cha upepo na kebo yake, na inaweza kukwama kwenye "kushusha" huku PTO ikifanya kazi yake vizuri tu. Oili inatoka tenki inarudi tenki.

Dalili inayosema sana ni bodi inayonyanyuka mpaka nusu ikakoma, bila kilio, bila kusita. Hiyo karibu kila mara ni oili pungufu. Jeki ya tipa inatoka kwa vipande, na oili imeisha kabla kipande cha mwisho hakijatoka. Iliyo kinyume chake ni bodi inayokataa kuanza kabisa, lakini mkipunguza mzigo kwa koleo inanyanyuka. Hapo oili ipo, presha ndiyo haitoshi: pampu imechoka, valvu ya kupunguza presha imelegea, au mmebeba kupita uwezo. Mchanga uliolowa una uzito mwingine kabisa na ule mkavu wa juzi, hata kama wote "umejaa bodi". Kuna mafundi wanaokaza valvu ya presha ili gari linyanyue. Linanyanyua, ndiyo. Siku inayofuata mpira unapasuka.

Inalia na ni nzito asubuhi

Hili ni la kwetu. Fundi wa Dar anaweza kumaliza mwaka hajaliona. Njombe, Makete, Mufindi, mwezi wa sita na wa saba, kuna asubuhi umande umeganda juu ya turubai. Oili ya haidroliki iliyolala kwenye tenki usiku mzima imekuwa nzito kama asali. Pampu inaivuta, oili haiji haraka, ndani ya pampu panatokea vitupu vinavyopasuka, na unasikia mlio kama mtu anatikisa changarawe kwenye debe. Mlio huo ni chuma kinachimbika.

Usikanyage mafuta "kuisaidia". Ingiza PTO kwa utaratibu wake, achia klachi taratibu, iache sailensa dakika tano au kumi valvu ikiwa huru ili oili izunguke tu tenki na pampu. Kisha nyanyua bodi kidogo ikiwa tupu, shusha, mara mbili tatu. Ndipo ukapakie. Anayefanya kazi ya juu huko mwaka mzima aulize muuzaji oili ya daraja la 32 badala ya 46, akilinganisha na kitabu cha pampu yake. Namba ikiwa ndogo, oili ni nyepesi zaidi. Akishuka kwenda kufanya kazi bonde la Usangu kwenye joto, hesabu inageuka.

Mlio ukiendelea hata saa sita mchana, baridi haihusiki. Chomoa kipimo cha oili uiangalie rangi. Ikiwa na povu, upepo unaingia kwenye mpira wa kunyonyea, pengine kwenye klipu iliyolegea ambayo haivuji nje kwa sababu pale pampu inavuta, haisukumi. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na hiyo ni ya kumwaga yote. Ikiwa safi, kagua chujio na kile kitundu cha kupumulia juu ya tenki. Vumbi la barabara zetu za moramu linakiziba kabisa, tenki halipumui, pampu inanyonya lisilokuja. Tenki la namna hiyo ukifungua mfuniko linavuta pumzi *fuuu*. Umeshapata mgonjwa.

Oili inavuja, lakini hujui wapi

Nasema hili taratibu. Usipapase mpira wa haidroliki kwa mkono ukiwa na presha. Presha ya mfumo wa tipa inaweza kupita bari 150. Tairi ya lori ina kama bari 8. Tundu dogo kama la sindano linatoa uzi wa oili usiouona, na uzi huo unaingia kwenye ngozi kana kwamba ngozi haipo. Unahisi kama umechomwa na mwiba. Hakuna damu, maumivu kidogo, unaendelea na kazi. Usiku kidole kimekuwa kama ndizi mshale.

Aliyepatwa na hilo aende hospitali yenye daktari wa upasuaji saa hiyohiyo, hata kama haumwi, na aseme kwa maneno haya: "Oili ya presha imeingia ndani ya mwili." Asiposema hivyo atapewa dawa ya kupaka arudi nyumbani, na kila saa inayopita inahesabika kwenye kukiokoa kidole au mkono. Asisugue, asikamue.

Kutafuta uvujaji, zima, shusha bodi, chezesha leva ya valvu mara kadhaa presha itoke, futa mipira yote kwa kitambaa, kisha washa na uendeshe kidogo mkiwa mbali. Zima tena, ndipo uangalie palipolowa. Ikibidi kutafuta ikiwa na presha, tumia kipande cha katoni kilichofungwa kwenye fimbo ndefu, ukijikinga macho.

Kuna uvujaji usioonekana nje. Tenki la haidroliki linapungua wiki hadi wiki, chini pakavu, hakuna tone. Pima oili ya giaboksi. Ikiwa imepanda, sili ya shafti ya pampu imekufa na oili ya haidroliki inahamia giaboksi kimyakimya. Oili hizi mbili si ndugu, giaboksi itaumia.

Mtetemo na mlio unaobadilika ukikanyaga mafuta

Kugongagonga kidogo sailensa, PTO ikiwa haina mzigo, ni kawaida. Ukiongeza mizunguko kunapotea. Kama hakupotei, zima ukamate shafti kwa mkono (gari limekufa, ufunguo mfukoni) uitikise. Krosi joint, kile kiungo cha shafti, ikicheza, badilisha. Tazama pia uma za ncha mbili za shafti: lazima zilale mstari mmoja. Mtu akiichomoa shafti kwa ajili ya grisi na kuirudisha jino moja au mawili pembeni, uma zinapishana na gari zima linatetemeka. Ndiyo maana nami hupiga alama ya chaki kabla ya kuchomoa.

Mlio mwembamba wa kuvuta, *wiiii*, ulioanza baada ya PTO kufunguliwa na kurudishwa, niulize kwanza gaskiti mliweka ipi. Gaskiti ya PTO haizuii oili peke yake, inapanga nafasi kati ya meno ya PTO na ya giaboksi, na nafasi hiyo kwa PTO nyingi ni kati ya milimita 0.15 na 0.30. Ukikata gaskiti ya katoni ya sabuni, iliyo nyembamba kuliko ya mwanzo, meno yanabanana na kulia. Ukipaka tu gundi bila gaskiti, ndiyo balaa. Nyembamba inalia, nene inagonga.

Bodi iko juu na mzigo hautoki

Hili si la PTO, lakini watu huitesa PTO kwa sababu yake. Udongo mwekundu wa Rungwe ukilowa unanasa kwenye bodi kama ugali kwenye sufuria. Bodi imefika mwisho, nyuma kumemwagika nusu, mbele juu kumebaki tani nzima inaning'inia. Masuka wengi hapo hurudi nyuma na kufunga breki ghafla, "kushtua". Uzito wote uko juu, matairi ya nyuma yako kwenye kifusi laini, jeki imenyooka mwisho. Ndivyo tipa inavyolala ubavu. Shusha bodi yote, toa PTO, zima, watu wapande na koleo walegeze, kisha nyanyua upya. Inakula nusu saa.

Na kabla ya kunyanyua, shuka uangalie juu. Siku hizi umeme umefika hadi vijiji ambavyo zamani tulimwaga mchanga bila kuinua macho, na laini za TANESCO zinazopita mashambani mara nyingi ni za volti 11,000 au 33,000. Matairi hayakukingi. Bodi ikigusa waya, baki ndani ya kabini, zuia watu wasisogee, piga TANESCO. Kama gari linashika moto na huna budi kutoka, ruka miguu yote miwili pamoja bila kugusa gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha ondoka kwa kuburuza nyayo hatua fupifupi, bila kunyanyua mguu.

Gari linatembea na PTO ndani

Mlio kama wa ndege unaopanda kadiri gari linavyokimbia, harufu ya oili iliyoungua, na tenki la haidroliki la moto kiasi cha kutoshikika. Suka amesahau kutoa PTO. Pampu iliyotengenezwa kwa mizunguko ya kazi inapigwa kwa kasi ya safari, saa nzima, oili ikichemka. Na leva ya valvu ikisukumwa kidogo na goti au na kreti la soda lililowekwa pembeni ya kiti, bodi inaanza kupanda barabarani.

Simama taratibu mahali salama, kanyaga klachi, toa PTO, iache ipoe kabla hujaimwaga wala kuigusa oili. Ikikataa kutoka, kuna upepo uliofungiwa au springi iliyovunjika. Usiendeshe hivyo mpaka gereji. Mpigie fundi aje afungue shafti hapo hapo, gari likiwa limezimwa.

Niliyemkuta katika hali hiyo mara ya mwisho alikuwa ametoka Igawa anakuja Uyole. Pampu imekaanga, sili zote zimeyeyuka. Nikamuuliza, "Kaka, taa ya PTO hukuiona?" Akanionyesha dashibodi. Balbu ilikuwa imeungua, tangu alipokabidhiwa gari.

Nilimfungia balbu ile kwanza, kabla sijagusa bolti hata moja ya pampu.